Raspberry Pi haina saa, na hilo linaharibu kumbukumbu zako

Watu wengi wanaotumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hawajui kwamba haina saa. Nasema saa ya kweli, ile inayoendelea kuhesabu hata ukichomoa umeme. Kompyuta ya mezani ina kibetri cha duara kwenye ubao mama kinacholinda saa hiyo. Pi haikupewa, tangu ya kwanza ilipotoka mwaka 2012 mpaka Pi 4, kwa sababu betri na vifaa vyake vinaongeza gharama, na waliobuni bodi walitarajia mtumiaji awe na mtandao. Kila inapowaka inauliza seva za muda kwenye intaneti. Ikijibiwa, mambo yanakaa sawa na wala hutajua kwamba kuna pengo. Isipojibiwa, inakisia. Shida yote iko kwenye namna inavyokisia.

Mimi naitumia mahali pasipo na mtandao. Yangu ni Raspberry Pi 3 iliyofungwa kando ya mashine ya kutotoleshea vifaranga. Kazi yake ni ndogo: kila dakika 5 inasoma sensa ya joto na kuandika mstari mmoja kwenye faili. Mayai ya kuku yanataka nyuzi joto 37.5 hivi kwa siku 21, na kitu ninachokihitaji kwenye faili hilo kuliko kingine chochote ni jibu la swali moja: umeme ulipokatika, mayai yalikaa muda gani bila joto? Ukikatika nusu saa sina wasiwasi, maana mashine iliyozibwa vizuri haipoi haraka. Ukikatika usiku mzima, hesabu ya siku ya kutotolewa inabadilika, na kuna mayai ambayo itabidi niyamulike upya kwa tochi kuona kama kilichomo bado ki hai.

Sasa tazama kile faili lilichonipa baada ya umeme kukatika na kurudi, wakati Pi ilikuwa bado haijafungiwa saa:

14:05   37.6
14:10   37.5
13:18   29.8
13:23   30.9
13:28   32.4

Saa imerudi nyuma. Joto linasema kweli: lilikuwa 37.5, likashuka hadi 29.8, sasa linapanda. Lakini kati ya mstari wa pili na wa tatu umepita muda gani? Saa mbili? Saa sita? Faili halijui. Na mistari inayofuata itapita tena juu ya 14:05 na 14:10, kwa hiyo nitakuwa na joto mbili tofauti kwa dakika ileile ya siku ileile. Ukilipanga faili kwa muda ili uchore grafu, mistari inachanganyika na grafu inakuwa msumeno.

Chanzo ni programu inayoitwa fake-hwclock. Kwangu ilikuja na Raspberry Pi OS, mfumo endeshi wa Pi, na nia yake ni njema. Inaandika muda wa sasa kwenye faili la /etc/fake-hwclock.data unapozima kompyuta kwa utaratibu, na pia mara moja kila saa. Pi ikiwaka, inachukua muda ule na kuanzia hapo. Debian, mfumo ambao Raspberry Pi OS imejengwa juu yake, kwa kawaida huendesha kazi zake za kila saa dakika ya 17, ndiyo maana yangu iliamka ikidhani ni saa 13:17. Umeme ukikatika ghafla hakuna kuzima kwa utaratibu, kwa hiyo unarudishwa kwenye dakika ya 17 iliyopita, haidhuru umeme ulikaa mbali dakika 3 au siku 3.

Huo ulikuwa mfumo wa Bullseye, toleo la zamani la Raspberry Pi OS. Kwenye Bookworm, toleo lililofuata lililotoka 2023, systemd-timesyncd (sehemu ya systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo) huhifadhi muda kila dakika moja hata kama hakuna mtandao, na kuurudisha Pi inapowaka. Unaweza kudhani hilo ni afadhali. Kwa kazi yangu ni baya zaidi. Saa hairudi nyuma tena kwa kiasi cha kuonekana, inaendelea tu pale ilipoachia. Mstari wa mwisho kabla ya umeme kukatika unasema 14:10, wa kwanza baada ya kurudi unasema 14:12, na ule usiku mzima uliopita katikati umefutika kabisa. Faili linapendeza machoni, limenyooka, halina hata mstari mmoja wa kukutia shaka, na ni la uongo.

Hapo ndipo nilipo na msimamo mkali. Kama Pi ingeamka na kusema ni tarehe 1 Januari 1970, nisingelalamika sana, kwa sababu mtu yeyote akiona 1970 anajua kwamba saa haipo. Muda wa uongo unaofanana na wa kweli ndio wa kuogopa. Ukiwa na kifaa chochote kinachorekodi kitu mbali na mtandao, iwe ni kiwango cha maji kwenye tangi, mvua, chaji ya betri za sola au joto la friji ya dawa, basi moduli ya saa, yaani kibodi chenye chipu ya saa na betri yake, ni sehemu ya kipimo chenyewe. Kipimo bila muda wa kuaminika ni nusu ya kipimo.

Ukitafuta moduli za saa utakutana na majina mawili zaidi ya mengine: DS1307 na DS3231. Herufi DS ni za Dallas Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Maxim mwaka 2001, na Maxim nayo ikachukuliwa na Analog Devices mwaka 2021. Hata sensa ya joto ninayotumia, DS18B20, ilizaliwa kwenye nyumba hiyohiyo.

Chukua DS3231. Sababu si chapa, ni joto. Saa hizi zote zinahesabu mitetemo ya kristali, kipande kidogo cha madini ya kwotzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 15, kwa hiyo ukiigawa kwa mbili mara 15 unapata mpigo mmoja kwa sekunde, bila masalio. Tabu ni kwamba kwotzi ya aina hii hutetemeka kwa kasi yake sahihi karibu na nyuzi 25 tu. Ukiipasha au kuipoza inapunguza mwendo, na inapunguza kwa mraba wa tofauti: takriban sehemu 0.034 kwa milioni kwa kila nyuzi joto iliyopigwa mraba. Weka moduli ndani ya kasha lililofungwa pamoja na Pi inayofanya kazi, joto la ndani lifike nyuzi 60, na tofauti yako ni 35. Mraba wake 1,225, mara 0.034, ni kama sehemu 42 kwa milioni. Hiyo ni zaidi ya sekunde tatu na nusu kwa siku, zaidi ya dakika moja na nusu kwa mwezi, na hapo hatujahesabu kosa la kristali yenyewe ilivyotoka kiwandani.

DS1307 haina la kufanya kuhusu jambo hilo, inahesabu tu kile kristali inachoipa. DS3231 ina kristali ndani ya chipu yenyewe, ina kipimajoto chake, na kila baada ya sekunde 64 inapima joto na kurekebisha mwendo. Mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi sehemu 2 kwa milioni kati ya nyuzi 0 na 40, na 3.5 nje ya hapo, mpaka nyuzi 85. Sehemu 2 kwa milioni ni kama sekunde 63 kwa mwaka mzima. Kwa mashine ya mayai hiyo ni zaidi ya ninachohitaji, na ninaifurahia hivyohivyo.

Jambo moja la kuangalia ukiishika mkononi: soma maandishi juu ya chipu. DS3231SN ndiyo yenye kristali ninayoieleza. DS3231M inatumia teknolojia nyingine badala ya kristali ya kwotzi, na ahadi yake ni sehemu 5 kwa milioni. Bado ni nzuri, lakini ujue ulichonacho.

Bodi inayobeba chipu hii huja kwa maumbo mawili. Kuna ile ndogo kama ukucha, yenye matundu matano, unayoichomeka moja kwa moja juu ya pini za Pi: pini namba 1, 3, 5, 7 na 9. Kwa watu wengi hiyo inatosha na haihitaji waya wowote. Kwangu haikufaa, na huenda kwako isifae kwa sababu hiyohiyo. Pini namba 7 ndiyo GPIO4 kwa jina la kwenye programu, na GPIO4 ndiko sensa ya DS18B20 inakokaa usipoelekeza vinginevyo. Ile moduli ndogo haitumii pini 7 kwa lolote, ila inaifunika. Unaweza kuihamisha sensa kwenda GPIO17 kwa kuandika dtoverlay=w1-gpio,gpiopin=17 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, na kazi ikaendelea. Mimi nilichagua umbo la pili, bodi ya bluu iitwayo ZS-042 yenye kishikio cha betri kubwa mgongoni, nikaivutia waya nne.

Hapo kwenye bodi ya bluu nakuomba ukae na mimi kidogo, kwa sababu ina kasoro ambayo wanaouza hawaisemi.

Waliobuni ZS-042 waliiwekea saketi ya kuchaji betri. Walikusudia utumie LIR2032, betri ya duara inayochajika. Lakini watu wengi huweka CR2032, ile ya kawaida, na mara nyingi bodi yenyewe huuzwa ikiwa nayo. CR2032 haichajiki. Ukiipa bodi volti 5, umeme unapita kwenye dayodi ndogo ya kioo, unapoteza kama volti 0.6, unapita kwenye rezista ya omu 200, kisha unaingia kwenye betri ya volti 3. Hesabu yake: 5 toa 0.6 toa 3 ni 1.4, gawanya kwa 200, unapata miliampea 7 zinazosukumwa mchana na usiku ndani ya betri isiyotakiwa kuchajiwa kabisa. Betri kama hiyo huvimba, huvuja, na inaweza kupasuka. Wala LIR2032 haiko salama hapo, maana volti 4.4 ni zaidi ya 4.2 ambazo ndizo kikomo chake.

Dawa yake ni mbili, na mimi nafanya zote. Kwanza, iendeshe bodi kwa volti 3.3. Ukitoa zile 0.6 za dayodi zinabaki 2.7, chini ya volti za betri, kwa hiyo hakuna kinachoingia. Pili, ng'oa ile rezista. Iko karibu na dayodi, ni nyeusi, imeandikwa 201, maana yake 20 na sifuri moja mbele. Ipashe ncha zote mbili kwa kifaa cha kulehemu na itanyanyuka yenyewe. Kwa nini niing'oe na tayari natumia 3.3? Kwa sababu siku moja mtu ataichukua bodi hii, aone imeandikwa VCC (mahali pa kuingizia umeme), aipe volti 5. Vifaa vinahama mikono.

Volti 3.3 ina sababu nyingine pia. Bodi ya bluu ina rezista zake zinazovuta nyaya za data kuelekea VCC. Ukiipa volti 5, nyaya zile zinapanda hadi kama volti 3.8, na pini za Pi zimetengenezwa kwa 3.3. Chipu yenyewe haijali, inafanya kazi kuanzia 2.3 hadi 5.5, kwa hiyo hupotezi chochote.

Nyaya ni hivi: VCC kwenda pini 1, SDA kwenda pini 3, SCL kwenda pini 5, GND kwenda pini 9. Pini 32K na SQW ziache wazi. Zima Pi na uchomoe umeme kabla ya kugusa.

Upande wa programu hauna mengi. Washa I2C (njia ambayo Pi huongea na chipu kupitia waya za SDA na SCL) kwenye programu ya mipangilio, raspi-config, weka kifurushi cha i2c-tools ukiwa na mtandao, kisha andika:

sudo i2cdetect -y 1

Jedwali litakuonyesha 68, ambayo ni anwani ya saa, na 57, ambayo ni kumbukumbu ndogo iliyoko kwenye bodi ya bluu na haina uhusiano na muda. Usipoiona 68, rudi kwenye nyaya, usihangaike na programu. Ukiiona, fungua /boot/config.txt (kwenye Bookworm ni /boot/firmware/config.txt) na uongeze mstari mmoja:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Washa upya. Rudia i2cdetect, na pale palipokuwa na 68 sasa utaona UU. Hiyo ni habari njema: kerneli, yaani kiini cha mfumo, imeishika chipu na haimwachii mwingine.

Kisha mwondoe yule mkisiaji, sudo apt purge fake-hwclock. Kwenye mfumo wangu ilibidi pia nifungue /lib/udev/hwclock-set na kuweka alama ya # mbele ya mistari mitatu ya mwanzo inayosema kwamba systemd ikiwepo basi toka. Ukiiacha, saa inakuwepo lakini hakuna anayeisoma Pi inapowaka, na utabaki unashangaa.

Mwisho, iambie saa ni saa ngapi. Iunganishe Pi na mtandao wa simu kwa dakika chache, hakikisha timedatectl inasema muda umesawazishwa, kisha:

sudo hwclock -w
sudo hwclock -r

Ya kwanza inaandika, ya pili inasoma. Huna mtandao hata wa simu? Weka muda kwa mkono kwa date -s halafu hwclock -w. Saa yenyewe itatunza UTC, muda wa kimataifa, na mfumo utaigeuza kuwa muda wa eneo lako. Usijaribu kuweka muda wa eneo ndani ya chipu, utajipa kazi bure.

Usiiamini mpaka uijaribu bila mtandao. Zima mtandao wa Pi, chomoa umeme, iache ilale hivyo usiku, iwashe asubuhi na ulinganishe na simu. Jaribio la kuzima na kuwasha haraka halithibitishi kitu kwenye mfumo mpya, kwa sababu timesyncd itakuwa imehifadhi muda wa dakika moja iliyopita na kila kitu kitaonekana sawa hata kama betri haipo.

Hilo lilinifanya nibadilishe na programu yangu ya kurekodi. Betri ya saa ikifa, systemd itarudi kukisia kimyakimya, na nitakuwa nimerudi palepale. Kwa hiyo sasa, kila inapoanza, programu inafanya ukaguzi mara mbili kabla ya kuandika joto. Inasoma saa ya chipu na kuilinganisha na saa ya mfumo. Zikitofautiana zaidi ya dakika moja, inaandika mstari wenye maneno MUDA HAUAMINIKI na kuendelea kurekodi chini yake. DS3231 iliyokosa umeme wote huanza upya na mwaka 2000, kwa hiyo ikitokea, tofauti huonekana mara moja. Kisha inaangalia mstari wa mwisho wa faili: kama umepita muda wa zaidi ya dakika 10, inaandika PENGO na urefu wake. Faili langu sasa linasomeka hivi:

02:35   37.5
02:40   37.5
PENGO   saa 3 dakika 47
06:27   29.6
06:32   30.7

Ule mstari wa katikati ndio niliokuwa nautafuta muda wote. Naweza kuupeleka kwenye daftari la mayai, nikajua kundi lipi la kungoja zaidi.

Kuhusu umri wa betri: chipu ikiendeshwa na betri pekee hula chini ya maikroampea 3, na CR2032 ina kama miliampea-saa 220. Hiyo ni zaidi ya miaka 8 hata kama Pi haiwashwi kabisa. Mimi naandika tarehe kwenye betri kwa kalamu ya wino usiofutika siku ninayoiweka, na nitaibadilisha mapema kuliko hapo. Ukibadilisha, fanya Pi ikiwa inawaka, ili chipu ibaki na umeme wa VCC na isipoteze muda.

Kama unanunua bodi leo na bado hujaamua, Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina saa ndani yake, na tundu dogo la betri lililoandikwa J5. Betri haiji nayo, lazima uitafute, na betri rasmi ni ya kuchajika. Kuchaji kumezimwa mpaka uongeze dtparam=rtc_bbat_vchg=3000000 kwenye config.txt. Usiandike mstari huo ikiwa umefunga betri isiyochajika, kwa sababu zilezile za bodi ya bluu. Mimi sitabadilisha Pi 3 yangu. Inatosha kwa kusoma joto, na saa yake inarekebishwa kwa joto, jambo la maana kwa kifaa kinachoishi ubavuni mwa mashine ya moto.